Mhuri Mkavu

Si zamani sana, juzijuzi tu, palikuwa na nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kulitaja kunalipiwa ada na msimulizi hajalipa ya mwaka huu. Ilikuwa nchi njema. Barabara zake zilikuwa nzuri kuliko zitakavyokuwa mwakani, foleni za hospitali zilikuwa zimenyooka, na serikali yake iliwapenda wazee kiasi kwamba ilianza kuwakata mishahara tangu wakiwa vijana.

Kwa mapenzi hayo ulianzishwa Mfuko wa Jioni ya Maisha. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mtu alikatwa kodi kwenye mshahara kwanza, kama kawaida. Kisha, katika kile kilichobaki, akipenda, alipeleka kidogo Mfukoni. Akizeeka na kuitoa, fedha yake haitatozwa tena, maana ilikwisha tozwa. Kitakachotozwa ni ile faida tu iliyozaliwa humo ndani. Mlezi wa Taifa mwenyewe alitangaza redioni kwamba shilingi moja haitozwi mara mbili, na wananchi wakapiga makofi majumbani kwao, wengine kwa hiari.

Sasa serikali itajuaje ni shilingi ipi ilikwisha tozwa na ipi bado? Wataalamu walikaa hotelini wiki tatu wakapata jibu. Kila Januari, katika wiki iliyoitwa Wiki ya Kugonga, mwenye akiba, akiwa na zote za nyuma mkononi, ataleta stakabadhi yake ya mwaka, na afisa ataigonga mhuri usemao IMEKWISHA KUTOZWA. Stakabadhi yenye mhuri itakuwa ushahidi. Isiyo na mhuri itakuwa karatasi.

Afisa aliyepewa mhuri huo aliitwa Athanasi Lukindo. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na saa iliyokwenda na majira, na katika maisha yake yote hakuwahi kuchelewa kazini wala kujibu mkubwa. Hizo ndizo sifa mbili zilizomponza.

*

Wino uliisha Jumanne ya kwanza ya Januari, mwaka wa pili wa Mfuko, saa nne asubuhi, watu mia tatu na ushee wakiwa wamepanga foleni juani.

Lukindo hakuwa mvivu. Alijaza Fomu ya Kuombea Wino, akapanda nayo ghorofani hadi stoo. Mtunza stoo aliisoma, akaigeuza upande wa pili, akamrudishia.

"Haina mhuri," alisema.

"Mhuri hauna wino, bwana. Ndiyo maana naomba wino."

"Nimesoma, Bwana Lukindo. Maombi yako ni ya haki kabisa. Ukishayagonga mhuri, niletee siku yoyote."

Akashuka. Angewaambia watu warudi kesho, na kwa kweli alikwisha fungua kinywa kuwaambia. Lakini asubuhi hiyohiyo Kamishna Mkuu wa Kodi na Baraka, Mheshimiwa Dakta Polikapi Kihanga, aliingia na wageni sita kutoka nchi kubwa, waliokuja kujifunza namna nchi ndogo inavyowatunza wazee wake.

"Gonga, Bwana Lukindo," alisema Kamishna. "Wageni wasikie."

Aliyekuwa mbele ya dirisha ni Bi Mashavu, mpishi wa chai wa idara, ambaye kwa heshima ya birika lake aliruhusiwa kuruka foleni. Alikuwa ameweka akiba mwaka uliotangulia kwa mara ya kwanza. Lukindo alimtazama Bi Mashavu, akamtazama Kamishna, akauinua ule mhuri wa chuma uliokuwa mzito kama mchi, akaushusha. Meza ilitikisika. Mlio ulisikika hadi getini. Wageni walipiga makofi, mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake.

Bi Mashavu alichukua karatasi yake. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Ahsante, kaka Lukindo," alisema. "Mungu akuzidishie."

Lukindo alikusudia kumwita tena Bi Mashavu kesho yake, wino ukipatikana. Aliandika jina lake kwenye kikaratasi. Akaandika na la pili, na la tatu, hadi kumi na moja, kisha foleni ikamlemea akaacha kuandika. Kesho yake alipeleka fomu nyingine stoo, ikarudi. Keshokutwa vivyo hivyo. Mwezi wa tatu aliacha kupeleka, na kile kikaratasi chenye majina kumi na moja alikila. Alikitafuna kweli, akakimeza kwa maji, akaona aibu kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni.

Hivyo ikapita Januari moja, zikapita tisa. Kila mwaka aligonga mhuri mkavu kwenye stakabadhi elfu nne, tano, na kwa kuwa dhamiri ilimsuta, aligonga kwa nguvu zaidi kila mwaka, hata bega lake la kulia likawa limeshuka kuliko la kushoto. Na hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Alikuwa akingoja mtu mmoja tu aseme, "Bwana, hapa hapana kitu," naye angekiri papo hapo. Watu walitazama karatasi zao, wakafikicha macho, wakashukuru, wakaenda zao. Lukindo akajiambia kwamba basi, pengine halina madhara.

*

Madhara yalianza pale wazee wa kwanza walipotaka fedha yao.

Walikuja na ombi ambalo wenyewe waliliona la kawaida. Mtu mwenye laki tisa zake alizoweka na laki tatu zilizozaliwa faida alisema: nipeni kwanza kile nilichoweka mimi, kisichodaiwa kodi, faida mwiache humo ikae. Hazina ilishtuka. Kila mtu akitoa chake kwanza, kodi itakuja lini? Baraza la Fedha likaitwa, na Kamishna Mkuu akatakiwa atoe nadharia.

Dakta Kihanga hakuja na kitabu. Alikuja na Bi Mashavu na birika lake.

"Waheshimiwa," alisema, "ili kulitazama suala hili kwa jicho pevu la kikodi na la kizalendo, naomba chai ya maziwa."

Bi Mashavu akamimina. Kamishna akakiinua kikombe wajumbe wote wakione.

"Maziwa ni akiba ya mwananchi, ambayo ilikwisha tozwa. Chai ni faida, ambayo bado. Sasa naomba mjumbe yeyote, kwa uwezo aliojaliwa, anitolee humu maziwa peke yake."

Wajumbe walikitazama kikombe kwa muda mrefu, kama watu waliokuwa wakikiona kikombe kwa mara ya kwanza.

"Haiwezekani," aliendelea Kamishna. "Kila funda lina maziwa na lina chai. Kwa hiyo kila shilingi itokayo Mfukoni ina robo tatu ya akiba na robo ya faida, na ile robo itatozwa theluthi yake. Mwananchi hawezi kuchagua. Si sisi tunaomkatalia. Ni chai."

Mbunge mmoja mzee, wa jimbo la milimani kunakofugwa ng'ombe, aliomba nafasi. Alisema kwao chai ikipoa kidogo, juu hukaa utando, na utando ule ni maziwa matupu, mtu huutoa kwa kijiko bila taabu yoyote.

Kamishna alikitazama kikombe. Kweli, utando ulikuwa umekaa. Akachukua kijiko, akautoa kwa uangalifu, akauweka mdomoni.

"Huo," alisema alipomeza, "ni ada ya uendeshaji."

Makofi yalilitikisa jengo. Kanuni ya Chai ikapitishwa siku ileile, pamoja na kifungu kidogo kwamba mzee haruhusiwi kutoa zaidi ya nusu ya akiba yake kwa mwaka mmoja, ili uzee usiishe haraka. Lukindo, aliyekuwa amekaa nyuma kama mtunza mhuri, alipiga makofi pia. Alikuwa akiwaza lile neno, ilikwisha tozwa, na karatasi za nani zitathibitisha hivyo.

*

Bi Mashavu alistaafu mwezi wa tano akiwa na miaka sitini. Mwezi wa nane alirudi kwenye jengo lile akiongozwa mkono na jirani, maana macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Daktari alikwisha mpangia tarehe ya upasuaji, mwezi wa kumi. Ikipita, angengoja mwaka mwingine, na daktari hakumficha kwamba mwaka ni mwingi. Upasuaji ulikuwa laki sita.

Naye hakuwa mtu wa kubahatisha. Mfukoni alikuwa na laki kumi na mbili: tisa zake, tatu faida. Nusu yake ni laki sita. Kanuni ya Chai aliijua vizuri, kwa kuwa chai yenyewe aliipika yeye. Alijua kwamba katika laki sita, moja na nusu itahesabiwa faida, na theluthi yake, elfu hamsini, itakwenda. Kwa hiyo alikuwa amekaanga vitumbua miezi mitatu mbele ya nyumba yake, kwa kupapasa, akapata elfu hamsini. Hesabu ilitimia bila shilingi kuzidi.

Dirisha la malipo lilikuwa la binti mmoja aitwaye Fausta, mwajiriwa mpya, mwenye bahati mbaya ya kusoma karatasi kabla ya kuzipokea. Alizipanga stakabadhi tisa mezani. Akaziinua kwenye mwanga moja moja.

"Mama, samahani. Hizi hazina mhuri."

"Zinao, mwanangu," alisema Bi Mashavu kwa utulivu. "Mimi sioni, lakini nasikia. Kila mwaka nimesikia ukigongwa."

"Hazina, mama. Zote tisa. Na zisipokuwa na mhuri, mashine inahesabu hujawahi kukatwa kodi. Itatoza laki sita zote." Akaandika pembeni. "Utapata laki nne."

Bi Mashavu hakupiga kelele. Alizikusanya zile karatasi kwa vidole, akazinyoosha kingo. "Mwite kaka Lukindo," alisema. "Yeye ndiye aliyenigongea."

Lukindo aliitwa kutoka dirisha la tatu. Alikuja akiwa ameshika kalamu asiyoihitaji. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu naye, na Sheria ya Mhuri, kifungu cha kwanza, ilisema kwamba afisa atakayegonga kinyume cha utaratibu atapoteza akiba yake yote na heshima yake, kwa mpangilio huo.

"Kaka Lukindo," alisema Bi Mashavu, akigeuza uso upande uliokuwa na sauti ya viatu. "Hujanigongea?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Jibu lilikuwa fupi, na kila neno la jibu lile alikuwa nalo tayari miaka tisa. Akazichukua stakabadhi. Akazitazama. Chini ya kidole gumba alisikia jinsi karatasi ilivyobonyea pale chuma kilipotua, herufi zote kumi na sita zikiwa zimezama bila rangi.

"Mhuri," alisema, "hauonekani."

Lilikuwa neno la kweli, na katika maisha yake yote hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Fausta alimtazama kidogo. Bi Mashavu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua.

"Ipo kamati ya rufaa, mama," alisema Fausta.

*

Kamati ya Huruma na Marejesho ilikaa mwezi wa tisa, chini ya uenyekiti wa Dakta Kihanga, kwa kuwa ndiye aliyelalamikiwa na hivyo alilifahamu shauri kuliko wengine.

Lukindo alikuwa shahidi pekee. Safari hii alikuwa amepiga moyo konde. Asubuhi alimwambia mkewe kwamba huenda wakarudi kulima, mkewe akasema jembe lipo. Alivaa tai. Njiani aliirudia sentensi yake mara nyingi hata mpita njia mmoja akamjibu.

"Shahidi," alisema Kamishna, "ieleze kamati juu ya mhuri."

Lukindo alisimama. Bi Mashavu alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwake kwa imani ile ya mtu asiyeona.

"Mheshimiwa," alisema, "mhuri ulikuwa mkavu. Miaka tisa yote. Haukuwa na wino."

Alikuwa amesema. Alisubiri paa liporomoke.

Kamishna alivua miwani. Uso wake ulikunjuka, ukajaa upendo.

"Waheshimiwa wajumbe," alisema, "mmemsikia. Miaka tisa! Idara ngapi katika nchi hii zinaweza kusimama na kusema kwamba kwa miaka tisa hazikutumia hata tone la wino? Bajeti ya wino ilitengwa kila mwaka, na kila mwaka haikuguswa na idara hii. Mnajua fedha ile ilifanya nini? Ilijenga Jumba la Wino, ghorofa nne, ambalo mimi binafsi nimelazimika kuishi ghorofa ya juu ili kulilinda. Na mtu aliyefanya yote hayo yawezekane ni huyu hapa, mnyenyekevu, ambaye hata leo amelitaja jambo hili kwa sauti ndogo. Napendekeza awe Mtumishi Bora wa Mwaka."

Wajumbe walisimama wakapiga makofi. Mmoja alikuja kumshika mkono, mwingine akamkumbatia. Karani wa kamati aliandika kwenye kumbukumbu: *Shahidi alithibitisha usafi wa mhuri.*

Ilitakiwa sentensi moja zaidi. Kwa hiyo akiba ya mama huyu ilikatwa kodi kweli, ningeligonga kwa wino kama ningekuwa nao, mrudishieni haki yake. Lukindo alikuwa nayo kooni. Makofi yalipokwisha palikuwa na nafasi, kimya kizuri tu kilichomsubiri yeye, pengine cha kuhesabu hadi tano. Alihesabu. Kisha akakaa.

Hakulazimishwa na mtu. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba makofi yalimchanganya, ikashindikana. Alikaa kwa sababu kiti kilikuwa karibu na miezi minne ilikuwa michache.

Rufaa ikakataliwa kwa kukosa ushahidi.

*

Barua ya hukumu ilitoka wiki iliyofuata. Bi Mashavu aliileta dirisha la tatu.

"Nisomee, kaka. Jirani yangu hajui lugha ya serikali."

Lukindo aliifungua. Ilisema *tunasikitika kukufahamisha*, na chini yake kulikuwa na hesabu: laki sita, toa laki mbili. Aliisoma yote kimoyomoyo. Kisha akasoma kwa sauti barua nyingine kabisa, aliyokuwa akiitunga hapo hapo, iliyosema kwamba kamati imeonelea shauri la Bi Mashavu ni la kipekee, na atalipwa laki nne dirishani na laki moja na nusu zilizobaki ataletewa nyumbani na afisa wa idara, kwa bahasha.

"Kwa bahasha," alirudia Bi Mashavu. "Wana heshima siku hizi."

"Wanajitahidi," alisema Lukindo.

Jioni ya siku hiyo alijaza fomu ya kutoa fedha yake mwenyewe. Naye alikuwa mwenye akiba. Naye alikuwa na stakabadhi tisa, alizojigongea kwa mkono wake, na zote zilikuwa nyeupe kama za wenzake. Fausta aliziinua kwenye mwanga, akamtazama, safari hii kwa muda mrefu. Ili apate laki moja na nusu ilibidi atoe laki mbili na elfu ishirini na tano, kodi ichukue theluthi yake, fedha ileile ambayo ilikwisha tozwa. Penye nafasi ya *Sababu ya kutoa fedha* aliandika: Wino.

Akapeleka bahasha. Bi Mashavu alimkaribisha kitumbua. Alikila chote, kwa kuwa alikuwa anatazamwa na macho yasiyoona. Alitaka ajione amelipa deni. Njia nzima ya kurudi alijisikia kama mtu aliyenunua kitu cha wizi kwa bei nzuri.

*

Upasuaji ulifanyika mwezi wa kumi, ukaenda vizuri.

Januari ilipofika, Wiki ya Kugonga ya mwisho ya Lukindo, watu walipanga foleni kama kawaida, na yeye aligonga kama kawaida. Siku ya pili, saa tano, aliinua macho akamwona Bi Mashavu mbele ya dirisha. Hakuruka foleni, alikuwa amesimama tangu asubuhi. Alikuwa peke yake, bila wa kumshika mkono, na macho yake yalikuwa meupe na meusi mahali panapostahili.

"Kaka Lukindo. Naona hata ndevu ulizosahau kunyoa."

"Mungu mkubwa, dada Mashavu."

"Mkubwa. Nimeisoma ile barua, leo asubuhi. Ulisoma vizuri siku ile, kuliko ilivyoandikwa." Alifungua mkoba wa plastiki. "Fedha yako nitakurudishia. Kidogo kidogo."

"Usinirudishie, dada. Nakuomba."

"Nitakurudishia. Sitaki fedha ya mtu." Akaanza kupanga stakabadhi mezani, moja baada ya nyingine, bila haraka. "Hilo silo lililonileta. Daktari aliponitoa bandeji aliniambia nimewahi. Alisema mtoto wa jicho wangu alikuwa mchanga, wa miaka miwili, ikizidi sana mitatu. Nikamwambia, daktari, mimi huu ni mwaka wa tisa sioni. Akacheka. Akasema haiwezekani, mama."

Lukindo aliuweka mhuri chini.

"Siku ile ya kwanza uliponigongea," alisema Bi Mashavu, "niliitazama karatasi nisione kitu. Nikaisogeza, nikaipeleka mbali, sikuona kitu. Nikasema basi, yameanza. Mama yangu alikufa kipofu. Nilikuwa na cherehani, wewe unaijua, nilikuwa nikitoka hapa kwenye chai nashona magauni ya arusi. Mwezi uleule nikaiuza. Watu waliniletea vitambaa hadi mlangoni, nikawaambia sioni. Na uzi nilikuwa nautunga kwenye sindano bila taabu, kaka, lakini nikasema ni mazoea tu ya mkono. Maana mhuri wa serikali umegongwa mbele yangu, nimeusikia, na mimi siuoni." Akaweka karatasi ya mwisho mezani. "Nilidhani ni macho yangu."

Hapakuwa na Kamishna, wala wajumbe, wala makofi. Fausta alikuwa kwenye dirisha lake, kalamu mkononi, haandiki. Lukindo aliona kwamba hata sasa angeweza kusema hauonekani, na kwamba Bi Mashavu angezikusanya karatasi zake akaondoka. Zilibaki siku tisa astaafu.

"Si macho yako," alisema. Akarudia kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Si macho yako, dada Mashavu. Hakuna kitu hapo. Haijawahi kuwa na kitu. Wino uliisha siku ileile, wewe ulikuwa wa kwanza, nami nikagonga hivyohivyo. Nilijua. Nimejua kila siku. Kodi ulikatwa, wote mlikatwa, na mimi ndiye niliyewafanya muonekane hamkukatwa. Andika, Fausta."

Fausta akaanza kuandika.

Bi Mashavu hakumtukana. Alimtazama tu, kwa macho yale mapya, kwa muda ambao Lukindo aliuona mrefu kuliko miaka tisa, kisha akaanza kukusanya karatasi zake.

Nyuma yake alikuwa amesimama mzee mmoja mrefu, fundi wa reli aliyestaafu, stakabadhi yake ya zamani ikiwa mkononi. Aliivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaitazama karatasi. Akaivua tena.

"Hii niliinunua mwaka wa nne wa Mfuko," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Kabla ya hapo nilikuwa nasoma gazeti vizuri tu."

Lukindo aliinua uso amtazame. Nyuma ya fundi, foleni nzima, watu mia tatu na ushee, walikuwa wameinua karatasi zao za miaka iliyopita juani, wakizigeuza huku na huku, na karibu wote walikuwa wamevaa miwani.